Orono Bog Boardwalk, Maine: kiti mwendo kinafika hadi katikati ya kinamasi

Waswahili wenzangu wa Maine na majimbo ya jirani, mwenye mzazi au ndugu anayetumia kiti mwendo ampeleke Orono Bog Boardwalk. Iko mpakani mwa Bangor na Orono, saa mbili na kidogo kwa gari ukitoka Portland. Ni njia ya mbao iliyojengwa juu ya kinamasi, mzunguko wa karibu maili moja, yaani kama kilomita moja na nusu, unaokurudisha palepale ulipoanzia. Haina kiingilio. Sababu ya kuandika yote haya ni moja: mtu aliyekaa kwenye kiti mwendo anaingia lango lilelile la wengine, anapita njia ileile, na anafika katikati ya kinamasi sawasawa na anayetembea kwa miguu yake.

Mama mkwe wangu alipata kiharusi, na tangu hapo mguu wake wa kushoto haumbebi. Ni mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Amelima, amevuna, amevuka mito akiwa na mtoto mgongoni, na hapa Marekani amejikuta anakaa ghorofani akitazama magari yaliyoegeshwa chini. Kumtoa nje tunamtoa, lakini mara nyingi safari inaishia njiani. Bustani moja, sitaitaja jina, ina bango getini lenye alama ya kiti mwendo. Njia ilikwenda vizuri mita chache tu, tukakuta ngazi. Mume wangu akabaki naye kwenye benchi, sisi wengine tukaenda kuona maporomoko ya maji, tukarudi na picha kwenye simu. Alizitazama kwa adabu akasema, "Iko muzuri." Nilimwona usoni kwamba hakufurahi. Mtu mzima kuonyeshwa picha ya kitu kilicho umbali wa kutupa jiwe kutoka alipo ni jambo linalouma, na mimi lilinikaa rohoni muda mrefu.

Sasa kuhusu kufika. Kutoka I-95 unashika Stillwater Avenue upande wa Bangor, ile barabara yenye maduka makubwa, unaifuata mpaka Tripp Drive, na mwisho wa Tripp Drive ndipo penye maegesho. Hapo uko ndani ya msitu wa mji wa Bangor. Jambo la kujua mapema ni kwamba njia ya mbao haianzii kwenye maegesho. Kuna kama robo maili ya njia ya msituni kwanza, karibu mita mia nne, na hiyo ni njia ya ardhini. Ni pana na haina vilima vya kutisha, lakini kiti cha kusukuma kwa mkono kinahitaji mtu mwenye nguvu, na mvua ikiwa imenyesha kinahitaji wawili wa kupokezana. Mume wangu na kijana wetu walipokezana. Mwenye kiti cha betri atapita kwa raha zaidi. Msikate tamaa hapo mkadhani ndiyo hali ya safari nzima.

Langoni kuna kibanda kidogo cha watu wanaojitolea. Mzee mmoja mwenye kofia pana alitusalimia, akainama kidogo na kuongea na mama mkwe moja kwa moja. Hakuongea na sisi juu ya kichwa chake. Nilitafsiri, wakacheka pamoja kuhusu mbu. Hapa panaendeshwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Maine, mji wa Bangor na Orono Land Trust, taasisi ya wenyeji ya kuhifadhi ardhi. Njia ilifunguliwa mwaka 2003, na tangu mwanzo ilikusudiwa ipitike kwa viti mwendo. Hilo linaonekana. Hukuti ngazi hata moja. Sakafu imelala sawa, magurudumu hayakwami, na mabenchi yako mengi kiasi kwamba hata anayetembea na fimbo atapumzika kabla hajachoka. Zipo sehemu zilizopanuliwa ambapo mnaweza kusimama kutazama bila kumzibia njia aliye nyuma yenu.

Safari inaanzia kwenye kivuli. Ukingo wa kinamasi ni msitu wa majimaji: mierezi, misonobari, miti ya majani mapana yenye mizizi iliyolowa, na kangaga zilizosimama hadi kiunoni. Hewa ni ya ubaridi hata siku ya joto. Baada ya hapo miti inaanza kufupika. Mwanzoni huoni, kisha unashtuka kwamba matawi yaliyokuwa juu ya kichwa sasa yako mbele ya uso, halafu yako kifuani, na ghafla anga lote liko wazi. Mbele yako kuna uwanja mpana usio na nyumba wala nguzo ya umeme karibu, umetandikwa kijani, wekundu wa kutu na manjano, na juu yake vichwa vyeupe vya nyasi za pamba vinacheza na upepo. Tulikwenda mwezi wa Juni, wakati nyasi hizo ziko nyeupe. Binti yangu alinyamaza, na huyo si mtoto wa kunyamaza.

Kinamasi kizima kina ekari zaidi ya 600, na serikali ya Marekani imekiorodhesha miongoni mwa alama za asili za taifa. Namna kilivyotokea ndiyo iliyonivutia kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie. Enzi ya barafu ilipokwisha, milima ya barafu iliyofunika nchi hii iliyeyuka na kuacha mabonde yenye maji. Mimea ikaota, ikafa, ikazama. Kwa kuwa mahali penye maji yaliyotuama na baridi hakuna hewa ya kutosha ya kuozesha, mimea ile haikuoza ikaisha. Ikalundikana tabaka juu ya tabaka ikawa mboji ya kinamasi, na mboji hiyo hujijenga polepole mno, pengine milimita moja kwa mwaka. Miaka elfu kwa mwendo huo ni kama mita moja. Mwishowe lundo likainuka juu ya maji ya ardhini, na kuanzia hapo katikati ya kinamasi hupata maji ya mvua na theluji peke yake.

Mjenzi mkuu wa yote hayo ni mmea mdogo laini uitwao sfagnamu. Ndio zulia lote unaloliona, jekundu hapa, kijani pale. Ukikauka unaweza kufyonza maji mara 20 ya uzito wake, na tena huyafanya maji yanayouzunguka yawe na tindikali, ambayo mimea mingine mingi haiwezi kuivumilia. Mama mkwe alikuwa anatazama kidimbwi kando ya njia akasema, "Haya maji iko kama chai ya rangi." Ndivyo yalivyo, kahawia ya kung'aa, kwa sababu ya utomvu unaotoka kwenye mimea iliyolala humo.

Ile misonobari midogo ya sprusi iliyotapakaa uwanjani inadanganya macho. Mti usiofika kifuani kwangu, ambao ningedhani ulipandwa juzi, unaweza kuwa umeishi miaka mia moja na zaidi. Chakula hakuna, mizizi imelowa, kwa hiyo hukua kwa unyonge. Matawi ya chini yakifunikwa na sfagnamu hutoa mizizi na kuwa miti mipya, ndiyo maana mara nyingi unaikuta imesimama vikundi, mama na watoto wake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika kinamasi hiki vitu vya ajabu viko chini. Mimea yake maarufu haikai juu kwenye matawi, imelala ardhini, sentimita chache kutoka ukingo wa mbao. Sisi tuliosimama tulikuwa tunatazama mbali, tukipiga picha za uwanja. Mama mkwe, ambaye macho yake yako chini kuliko yetu, ndiye aliyeiona mimea ya mitungi kwanza. "Simama," akasema. Tukasimama. Ilikuwa imejazana ubavuni mwa njia, majani yaliyojikunja yakawa vyombo vyenye mdomo, ya kijani yenye mishipa myekundu, na katikati yake ua moja moja limeinama juu ya kikonyo kirefu. Ili kuona alichokuwa anakiona ilibidi mimi nipige magoti. Yeye alikuwa amekaa tu, mahali hasa pa kuonea.

Ule ni mmea unaokula wadudu, Sarracenia purpurea kwa jina la kisayansi. Kwenye mboji ile hakuna rutuba, hasa naitrojeni, kwa hiyo mmea unaitafuta kwa wadudu. Mtungi unakinga maji ya mvua. Mdudu anavutwa na rangi na utamu wa mdomoni, anatua, na vinyweleo vya ndani vimeelekea chini, kushuka ni rahisi, kupanda hawezi. Anazama, anaoza, mmea unafyonza. Tuliona nzi mmoja bado anahangaika. Binti yangu akamwonea huruma, bibi yake akamwambia kila kiumbe kina namna yake ya kutafuta ugali. Wala humo ndani si kaburi tu, kwa sababu kuna mbu wa aina ya Wyeomyia smithii ambaye viluwiluwi wake huishi ndani ya maji ya mitungi hiyo na si mahali pengine, na majira ya baridi huganda pamoja na barafu ya mtungi na kuamka hai kipupwe kikipita. Mbu hao wa kaskazini hawaumi watu. Wanaouma ni wengine, na hao nitawafikia.

Kando ya mitungi kuna mwenzake mdogo zaidi, wa kuonwa na anayekubali kukaa na kutazama. Majani yake ni duara ndogo zisizozidi ukucha wa kidole, zimejaa nywele nyekundu, na ncha ya kila unywele ina tone linalong'aa. Tone lile ni gundi. Kidudu kikigusa hakitoki, na jani hujikunja taratibu kukifumbata. Watu wazima wawili walitupita wakizungumza bila kuuona. Mama mkwe aliwaita kwa mkono, akawaonyesha kwa kidole. Hakuwa na Kiingereza cha kuwaeleza na hakikuhitajika. Walichuchumaa, wakashangaa, wakamshukuru. Tangu kiharusi kimpate sikuwa nimemwona akimwonyesha mtu kitu. Siku zote huwa yeye ndiye wa kuonyeshwa.

Mimi nimekulia Uvinza, mkoani Kigoma, karibu na mto Malagarasi, kwa hiyo vinamasi si vigeni kwangu. Kinamasi cha Malagarasi-Muyovozi ndicho kilichokuwa cha kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, na kwa ukubwa hiki cha Orono hakionekani hata kidogo mbele yake. Lakini kule kwetu kinamasi ni mafunjo marefu, samaki, mitumbwi, viboko, kelele. Hapa ni kimya na ufupi wa kila kitu. Mama mkwe alifanya ulinganisho wa kwake. Uvira iko ng'ambo tu ya Bujumbura, na Burundi mboji ya namna hii huchimbwa, hukaushwa na kuchomwa badala ya kuni, lipo hata shirika la umma la kazi hiyo, ONATOUR. Alipoelewa kwamba chini ya zile nyasi za pamba kuna kitu kilekile, aliuliza kama wazungu hawana habari nacho. Nikamjibu wanazo, wameamua kukiacha.

Na kuna sababu ya kukiacha ambayo inatuhusu sisi watu wa Afrika kuliko tunavyodhani. Mboji isiyooza ni kaboni iliyofungiwa ardhini. Ardhi za namna hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini zinakadiriwa kushika kaboni nyingi kuliko mimea ya misitu yote ya dunia. Ukikausha kinamasi, hewa inaingia, mboji inaanza kuoza, na kilichowekwa kwa maelfu ya miaka kinarudi angani. Mwaka 2017 wanasayansi, wakiwemo Wakongo, walichapisha ramani ya mboji ya bonde la kati la Kongo, katika nchi zote mbili za Kongo: kilomita za mraba takriban 145,500, zaidi ya mara mbili ya Ziwa Victoria, zikiwa na kaboni kama tani bilioni 30. Nilimweleza mama mkwe tukiwa tumeketi kwenye benchi, yeye kwenye kiti chake pembeni yangu. Bonde lile liko mbali na Uvira, hajawahi kufika. Lakini alikaa akitazama uwanja ule kwa macho mengine, akauliza kama kule kwao kuna njia ya mbao. Nikasema sijasikia. Akasema wangejenga.

Turudi kwenye mambo ya safari. Mabango ya maelezo njiani yameandikwa vizuri, kwa lugha ya kueleweka na si ya darasani, lakini ni ya Kiingereza, kwa hiyo mmoja wenu ajitayarishe kueleza. Msimu ukiwa wazi huandaliwa pia matembezi ya kuongozwa bila malipo, kuhusu ndege, mimea au wadudu, na inafaa kujiandikisha mapema. Mbwa hawaruhusiwi kwenye njia ya mbao, baiskeli pia. Usishuke kwenye mbao na usichume kitu. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu watoto wetu wanapenda kuchuma. Zulia lile hukua milimita kwa mwaka, alama ya mguu mmoja hukaa muda mrefu.

Wadudu. Mei na Juni kuna nzi weusi wadogo na kuna mbu, hasa kwenye ile sehemu ya msituni. Uwanjani upepo unawapunguza. Anayesukuma kiti mikono yake haina nafasi ya kujipiga, na mgonjwa wa kiharusi huenda mkono mmoja hausikii, kwa hiyo mpakeni dawa ya mbu kabla ya kutoka kwenye gari, mumvalishe mikono mirefu, na mumfunike miguu kwa kanga. Kupe wa Maine hubeba ugonjwa wa Lyme. Mkirudi nyumbani kaguaneni, na aliyekaa kwenye kiti naye akaguliwe. Kinamasi chenyewe hakina kivuli, kofia ni lazima. Pitieni msalani kwenye maduka ya Stillwater Avenue kabla ya kuingia.

Tulirudi Oktoba, na kwa familia yenye mzee ndio mwezi ninaoupendekeza. Mbu wamekwisha. Mitamaraki, miti jamaa ya misonobari ambayo tofauti na ndugu zake hupukutisha majani, inageuka rangi ya dhahabu kwa muda mfupi kabla ya kubaki mitupu, na ukiitazama katikati ya ule wekundu wa kinamasi huwezi kuamini ni eneo lilelile la Juni. Kranberi za porini zimeiva chini kwenye sfagnamu. Ila mkumbuke kwamba anayetembea hupata joto na anayesukumwa hapati. Sisi tulikuwa tunavua makoti wakati mama mkwe vidole vimeshakuwa baridi. Leteni blanketi na chupa ya chai ya moto.

Njia hufunguliwa mwanzoni mwa Mei na kufungwa Novemba, na saa za kufunga hubadilika kadiri siku zinavyofupika, kwa hiyo tazameni tovuti yao kabla ya kuondoka. Panga muda wa saa mbili mkiwa na mzee, hata kama mtembea kwa miguu mwenye haraka atamaliza kwa dakika arobaini. Hapana mtu wa kuwaharakisha. Kwa kuwa kiingilio hakuna, matengenezo hutegemea sana michango, na kukarabati mbao zilizolala juu ya majimaji si kazi rahisi. Sisi tulitoa tulichokuwa tumetenga kwa kiingilio mahali pengine.

Usafiri ndio tatizo la wengi wetu, najua, hasa familia mpya ambazo hazijapata gari. Msimu ujao tutakwenda tena, mara ya kwanza Mei maua yakianza, mara nyingine Oktoba. Tukiwa Lewiston tunaweza kupitia kwa mtu, na gari letu lina nafasi ya kukunja kiti mwendo kimoja zaidi. Mwenye mama, baba au shangazi anayetaka kwenda aandike hapa chini, tupange siku.